Fifa yabana mikopo ya wachezaji, lakini mlango wa uani uko wazi

Klabu hairuhusiwi tena kuwa na wachezaji zaidi ya sita waliotolewa kwa mkopo nje ya nchi. Fifa ilianza na wanane Julai 2022, ikashusha hadi saba, kisha sita kuanzia Julai 2024. Aliye kwa mkopo pia hawezi kukopeshwa tena kwingine.

Walengwa walijulikana. Msimu wa 2018/19 Chelsea ilikuwa na wachezaji zaidi ya 40 kwa mkopo. Mbrazili Lucas Piazon alizungushwa klabu saba. Ndani ya miaka tisa aliichezea Chelsea mechi tatu tu.

Je, dawa imefanya kazi? Nusu nusu. Wenye miaka 21 kushuka chini hawahesabiwi, wala waliolelewa na klabu yenyewe. Yaani chipukizi, wale wale wanaozungushwa sana, bado ni ruksa.

Halafu kuna kuuza kiaina. Tangu 2023 wamiliki wa Chelsea wanaimiliki pia Strasbourg ya Ufaransa. Julai 2025 beki Ishé Samuels-Smith aliuzwa huko. Septemba, hata hajakaa vizuri, Chelsea ikamnunua tena na kumpeleka Swansea kwa mkopo. Akiwa na miaka 19 asingehesabiwa hata hivyo, ila njia imeonekana: mchezaji wa miaka 24 akiuzwa kwa klabu ndugu na kurudishwa msimu ujao, kwenye makaratasi hayo ni mauzo mawili. Mkopo hakuna, na kikomo cha sita hakimgusi.