Gemu za zamani zinaokolewa na watu wa kujitolea, sheria ikisinzia

HEBU chukua gemu iliyotengenezewa kompyuta za 1990 ujaribu kuifungua kwenye laptopu yako ya leo. Wapi! Haifunguki.

Kosa si lako. Gemu nyingi za enzi hizo ziliandikiwa mfumo wa DOS, na Windows ya kisasa ya biti 64 haiendeshi programu hizo moja kwa moja.

Ni hasara kubwa. Tazama The Secret of Monkey Island ya 1990. Kijana Guybrush Threepwood anataka kuwa haramia, lakini humo pambano la panga halishindwi kwa misuli wala wepesi wa vidole. Ni mchongoano mtupu: mpinzani anakurushia tusi, na usipokuwa na jibu kali, umelimwa.

Gemu hii ingali inachezeka kwa sababu kuna watu waliojitolea. Mnamo 2001, Vincent Hamm na Ludvig Strigeus, jamaa yule yule aliyeunda µTorrent, walianzisha ScummVM.

Programu hiyo inachukua nafasi ya injini ya gemu, kisha inasoma faili zake za awali za picha, sauti na hadithi. Tamthilia ni ile ile, jukwaa tu ndilo jipya. Haiuzwi, na inafanya kazi hata kwa simu ya Android.

Gemu yenyewe, hata hivyo, lazima uipate kihalali. Beneath a Steel Sky ya 1994 hulipii hata ndururu, kwani wenyewe waliiruhusu isambazwe bure tangu 2003.

Nyingi hazina bahati hiyo. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 uligundua kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani.

Mwaka uliofuata, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo kupitia intaneti. Chama cha kampuni za gemu kilipinga, hofu ikiwa kwamba watu wangeingia kujiburudisha tu.

Hofu hiyo ina mashiko ikiwa gemu ingali sokoni. Lakini ile ambayo hakuna anayeiuza, nani anapata hasara ikichezwa? Kitabu kilichoacha kuchapishwa bado utakisoma maktabani, na hakuna anayekuuliza kama unakifurahia.

Njia nyingine ipo. Novemba 2025, Microsoft iliweka wazi msimbo wa Zork I, II na III, gemu za maandishi matupu zilizovuma miaka ya 1980. Sasa yeyote anaweza kuusoma, kujifunza na kuuboresha kisheria. Kampuni haikufilisika.

Suala hili si la wazee wanaokumbuka ujana wao. Gemu unayoipenda leo huenda inategemea seva ya kampuni fulani. Siku seva hiyo ikizimwa, hutakuwa hata na faili za kumpa mtu wa kujitolea aziokoe.

Basi kabla ya kulipa, uliza: ninanunua gemu, au ninaikodi tu hadi mwenyewe atakapochoka?