Tuzo Hulipa Kazi Iliyokwisha, Nauli ya Fildi Analipa Nani?

Mwanafunzi wa uandishi wa habari anapopangiwa kwenda fildi Dar es Salaam, swali la kwanza linalomjia halihusu maadili ya taaluma wala habari za uchunguzi. Anajiuliza atalala kwa nani. Mwenye shangazi Sinza au kaka Tabata ameshavuka kikwazo kikubwa. Mwenzake aliyetoka Mpanda au Namtumbo, ambaye pengine darasani anaandika vizuri kuliko yeye, ataomba barua ibadilishwe akafanye mazoezi kwenye ofisi ya halmashauri karibu na kwao, aandike taarifa za ziara za mkuu wa wilaya. Likizo ikiisha wote wawili wanarudi chuoni na kitabu cha mafunzo kilichogongwa mhuri. Kwenye rekodi za chuo wamelingana.

Hawakulingana, na kila mhariri anayeajiri analijua hilo. Mmoja amejuana na dawati la habari, ana namba za wahariri kwenye simu, ana habari tano zilizotoka kwa jina lake. Wa pili ana mhuri.

Serikali nayo imeufanya mhuri huo uwe mlango. Zamani kijana mwenye kalamu nzuri aliweza kubisha hodi gazetini, akaanza na vijihabari vya mahakamani, akapanda taratibu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa anayetaka kutambuliwa kuwa mwandishi. Sipingi elimu, makanjanja wametuchafulia kazi vya kutosha. Lakini ukishasema hakuna kuandika bila cheti, na cheti hakipatikani bila fildi, basi fildi imekuwa sharti la kuingia kazini, na sharti hilo linagharimiwa na mzazi wa mwanafunzi. Bodi ya mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, ni kweli. Ila si kila mwanafunzi ana mkopo, na mwenye nao fungu lake lina ukomo wa siku, ilhali nyumba za Dar hupangishwa kwa miezi.

Kwa hiyo anaishije? Hapa wengi wetu huinamisha macho, kwa sababu jibu tunalijua. Fuatana na mwanafunzi wa fildi kwenye mkutano wa waandishi wa habari katika hoteli yoyote ya mjini. Ametumwa yeye kwa kuwa waajiriwa wana kazi nyingine, au wameichoka ile sura ya mkurugenzi. Mlangoni kuna meza, na mezani kuna karatasi yenye safu za jina, chombo, namba ya simu na sahihi. Anaandika. Hotuba inasomwa kama ilivyo kwenye taarifa aliyokwishapewa. Maswali mawili yanaulizwa, la pili likiwa la pongezi. Kisha hakuna anayeondoka. Watu wanazungukazunguka karibu na meza ya chai, wanashika simu kama wanasoma kitu, mpaka ofisa uhusiano aje na ile karatasi na kuanza kuita majina. Kila anayeitwa anapewa bahasha, na jina la kitu kilichomo ni nauli.

Mtu mzima mwenye mshahara akiipokea bahasha hiyo tunaweza kumhukumu. Huyu wa miaka ishirini na mmoja, ambaye chombo chake hakijampa hata senti ya daladala, tumhukumu kwa lipi? Amekuja mjini kujifunza kazi, na hili ndilo somo la kwanza analofundishwa kwa vitendo: anayekulisha ni yule unayeandika habari zake. Darasani alisoma kanuni za maadili, akafaulu mtihani. Kesho yake asubuhi habari yake inaanza na “Mkurugenzi amesema”, na hakuna mtu wa pili aliyeulizwa.

Ndiyo maana napata tabu na shangwe tunazofanya juu ya tuzo. Sisemi tuzo hazina maana. Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, EJAT kwa kifupi, zilizoanzishwa mwaka 2009 chini ya usimamizi wa Baraza la Habari Tanzania, zimefanya jambo kubwa: zimewapa waandishi wa redio za mikoani nafasi ya kupimwa kwa mizani ileile na wenzao wa magazeti makubwa ya Dar. Siku hizi zipo na nyingine, zikiwemo Samia Kalamu zinazoratibiwa na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kijana anayemwona mwandishi wa wilayani akipanda jukwaani kwa habari ya zahanati isiyo na dawa anajifunza kitu ambacho mhadhara hauwezi kumfundisha.

Tatizo liko kwenye saa ya malipo. Tuzo humlipa mtu aliyekwisha kufanya kazi, ikatoka hewani au gazetini, ikahifadhiwa, ikawasilishwa. Ili afike hapo alihitaji nauli ya kwenda kijijini mara mbili au tatu, mhariri wa kumwambia kuwa habari yake haijaiva, na siku kadhaa za kutotumwa kwenye mikutano ya hotelini. Mwanafunzi hana hata kimoja. Ukimwekea kundi lake kwenye mashindano, kama wengi wanavyopendekeza, utagundua kwamba washindi ni walewale wenye shangazi Sinza.

Tumewahi kuwa na mfano mwingine hapahapa nyumbani. Mfuko wa vyombo vya habari, TMF, ulioanza mwaka 2008, ulikuwa ukimpa mwandishi ruzuku kabla ya habari, pamoja na mlezi mzoefu wa kumwongoza mpaka kazi itoke. Mwandishi alileta wazo na bajeti, wazo likichaguliwa anasafiri. Ulitegemea wafadhili wa nje, jambo lenye kasoro zake, na uliwalenga walio kazini zaidi ya walio vyuoni. Lakini mantiki yake ilikuwa sahihi: pesa itangulie, sifa zije baadaye.

Wamarekani, ambao wana mashindano ya wanafunzi makongwe kuliko vyuo vyetu vingi, walitambua mapema kwamba jukwaa peke yake halitoshi. Mashindano ya Hearst kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uandishi yalianza mwaka 1960. Wanafunzi huleta kazi zilizochapishwa, na mshindi hupata fedha za masomo; kinachonivutia mimi ni kwamba chuo chake nacho hupata mgawo. Yaani mwalimu aliyekesha akisahihisha anakumbukwa, na studio ya chuo inapata maikrofoni mpya. Washindi wa mwaka wakikutana San Francisco kwa fainali hawaji kupokea tu. Wanapewa kazi mpya palepale mjini, waifanye kwa muda waliopangiwa. Mfuko mwingine, Dow Jones News Fund, ulioanzishwa mwaka 1958, hauhangaiki sana na majukwaa. Unachagua wanafunzi, unawapa mafunzo makali kwanza, kisha unawapeleka kwenye vyumba vya habari ambako wanalipwa.

Najua mhariri wa Dar akisoma hapa atacheka. Atasema matangazo yamehamia mitandaoni, waajiriwa wenyewe mishahara inachelewa, sasa mwanafunzi alipwe na nani? Ataongeza kwamba wanaletwa vijana hamsini kwa mpigo, wengine hawawezi kuandika aya ya kwanza ya habari, na kuwasimamia ni kazi juu ya kazi. Ana haki. Tena Marekani hiyohiyo inatupa onyo. Mwaka 2013 kampuni ya Condé Nast, wachapishaji wa Vogue na The New Yorker, iliposhtakiwa na vijana waliofanya mafunzo kwake kwa malipo ya mkia wa mbuzi, iliamua kuufunga mpango wote. Ukitunga sheria kali leo ya kumlazimisha kila mwenye gazeti amlipe mwanafunzi, kesho barua za maombi zitarudi zimeandikwa kuwa nafasi zimejaa.

Basi tuanzie pengine. Kwanza, tuache kudhani kwamba fildi ni Dar. Nchi ina redio za jamii zenye njaa ya watu: Orkonerei kule Simanjiro, Pambazuko ya Ifakara, Micheweni ya Pemba, Sengerema. Kijana akikaa Micheweni wiki nane atatengeneza kipindi chake mwenyewe kuhusu wakulima wa mwani, atakosolewa sokoni na wasikilizaji wenyewe, na chumba cha kupanga hakitamfilisi. Kwenye chombo kikubwa mjini wiki nane hizo huweza kuishia kwenye kunakili hotuba na kuagizwa chai. Vyuo navyo vina vyombo vyao. Mlimani Redio na Televisheni ziko mikononi mwa Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mwanza kuna redio ya SAUT. Kazi nzuri inayofanywa huko ihesabiwe kwenye mashindano kama kazi nyingine yoyote, na kama ni mwanafunzi aliyeshinda, nusu ya fedha iwe nauli ya habari yake ijayo badala ya kuishia kwenye hundi kubwa ya kupigia picha.

Pili, na hili ndilo ninalolipigania zaidi, waandaaji wa tuzo wana silaha ambayo hawajaitumia. Hawawezi kumlazimisha mwajiri alipe, lakini wana fomu ya kushiriki. Fomu hiyo iongezewe maswali matatu: chombo chako kimepokea wanafunzi wangapi mwaka huu, kimewapa nauli na chakula au hakikuwapa, na ni mhariri gani alikuwa mlezi wao? Majibu yachapishwe kwenye kijitabu cha usiku wa tuzo, jina la chombo kwa chombo, pembeni ya orodha ya wateule. Wadhamini wanaolipia meza ukumbini waambiwe kwamba kila meza ina sehemu inayokwenda kwenye mfuko wa nauli, na mfuko usimamiwe na klabu za waandishi za mikoa, ambazo tayari ziko karibu kila mahali na zinajua nani kweli anafanya kazi na nani anasubiri mhuri.

Vyombo kadhaa vitanuna mwaka wa kwanza na kutopeleka kazi hata moja. Mwaka wa pili vitapeleka, kwa sababu hakuna mhariri mkuu anayependa kukaa nyumbani akitazama kwenye televisheni meza ya mshindani wake ikishangilia.