Kijiti Kilichoungua si Mti Uliokufa

Mtu apitaye Nakapanya, wilayani Tunduru, katika mwezi wa Septemba, huona msitu wa miombo umekauka na chini pameungua. Kati ya majivu vimesimama vijiti vyeusi visivyofika hata magotini. Wengi wetu husema kwamba vijiti hivyo vimekufa, wala hapana tena cha kupoteza mahali pale. Fikira hiyo ni makosa, na gharama yake hulipwa na wananchi wenyewe.

Wataalamu wa misitu wameyachunguza maisha ya mninga, mti ule tuupendao kwa vitanda na milango. Mche wake haukui moja kwa moja kama mwembe. Kila kiangazi shina lake hufa. Mvua zinyeshapo huchipua jingine, nalo hufa vile vile. Huenda ikapita miaka kumi au zaidi katika hali hiyo. Lakini chini ya ardhi mzizi wanenepa, ukiweka akiba mahali ambapo jua na moto havifiki. Akiba ikitosha, ndipo shina lipandapo kwa haraka, likashinda nyasi na moto wake. Basi kijiti tunachokikanyaga yamkini kina umri wa mtoto wa darasa la nne.

Hatusemi kwamba kila moto ni adui. Huko Ndola, nchini Zambia, katika miaka ya 1930, vipande vya miombo vilitengwa ili kujaribiwa: kimoja hakikuchomwa kabisa, kingine kilichomwa mapema nyasi zingali na unyevu, na cha tatu mwisho wa kiangazi. Miaka ilipopita, kile cha tatu kiligeuka kuwa nyasi na miti michache tu. Nasi twachoma lini? Mara nyingi ni Septemba na Oktoba, tunapotayarisha mashamba ya ufuta na korosho!

Liko na jambo la uzazi. Mti, kama ng'ombe, hurithisha. Tukikata kila mwaka mininga iliyonyooka na kuiacha iliyopinda, basi iliyopinda ndiyo itakayotoa mbegu za kesho. Na mbegu ya mti uliozoea kiangazi cha Tunduru haifai kubadilishwa ovyo na mbegu ya mahali penye mvua za namna nyingine, hasa siku hizi ambapo majira yenyewe yanayumba.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu iliundwa mwaka 1980, na makao yake yako Morogoro. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji uwezo wa kumiliki misitu yao. Twataka elimu ile ifike katika mikutano ya vijiji kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na kamati za misitu, kabla ya mwezi wa Juni, ziamue siku za kuchoma, na zitie alama ya rangi kwenye mininga mizuri itakayoachwa iwe mama wa mbegu.