Mipaka ya kibanja iandikwe kata

Muulize mtu wa Rubafu, wilayani Bukoba, kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kinaishia wapi, atakutembeza kwenye milamula, mimea ya kuonyesha mpaka: hapa anapakana na fulani, pale inaanza rweya, yaani uwanda wa nyasi, kule chini ni njia ya ziwani. Kwa majirani maelezo hayo yanatosha. Yakifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mjini Bukoba, yamefupishwa kuwa "shamba lililopo Rubafu", upande wa pili unaweka pingamizi la awali, na shauri linaweza kuondolewa kabla shahidi hajasimama.

Sharti lenyewe ni halali. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya VII kanuni ya 3, inataka ardhi inayogombewa ielezwe kiasi cha kutambulika. Kanuni za mabaraza za mwaka 2003 nazo zinataka mahali ilipo patajwe. Anayeshtakiwa lazima ajue anadaiwa migomba ipi, na hukumu isiyo na mipaka huzaa kesi nyingine siku ya kuitekeleza.

Ubaya ni adhabu ya kuondolewa shauri. Ibara ya 107A ya Katiba inataka haki isikwamishwe na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 Bunge liliongeza vifungu vya 3A na 3B kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai kwa lengo hilohilo. Lakini kuvitegemea ni kutegemea busara ya aliyekalia kiti siku hiyo. Zamani mlango ulikuwa rahisi zaidi: kesi maarufu ya mwaka 1990, ambamo Jaji Mwalusanya alitambua haki ya mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo, ilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba. Mahakama za namna hiyo hupokea hata madai ya mdomo, ila sheria ya mwaka 2002 iliziondolea migogoro ya ardhi.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, na baraza la wilaya halisikilizi shauri mpaka kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku thelathini zipite bila suluhu. Basi wajumbe wakiwa bado kwenye usuluhishi, wautembee mpaka pamoja na wadaawa wote wawili, waandike majirani wa pande nne na milamula iliyopo, wachore ramani ya mkono, kisha karatasi hiyo iambatane na cheti chao. Kanuni zifanye maelezo hayo kuwa sehemu ya madai, na penye kasoro mwenyekiti wa baraza la wilaya aamuru yarekebishwe, asilifute shauri. Mjane asiye na nauli ya kurudi Bukoba mara ya pili hana muda wa kujifunza uandishi wa kisheria.