Watu wa Mbali: Mtupaji Aliyekataa Kumlaumu Mwenzake

Ajali ikimpata mtu, mara nyingi jirani zake huuliza kwanza ni nani aliyemfanyia. Ng'ombe akifa ghafula, mwana akishindwa mtihani, au karani akiondolewa kazini, hutajwa mkono wa mtu kabla ya kutajwa ugonjwa, uvivu au upungufu wa fedha. Desturi hii si ya Afrika peke yake. Huko Marekani, kwa miaka zaidi ya hamsini, watu walisimulia habari za kijana mmoja aliyekuwa na nguvu za ajabu katika mkono wake, na kila mara walilitaja jina la mtu aliyesemekana kumharibia maisha. Mmoja aliyeikanusha hadithi hiyo hata kufa kwake alikuwa kijana yule yule mwenyewe. Jina lake Herb Score.

Kazi yake ilikuwa kutupa mpira katika mchezo wa besiboli, mchezo wa Wamarekani ulio na undugu kidogo na kriketi. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kilichotengenezwa uwanjani, naye mpigaji humngojea kwa gongo la mti, umbali wa futi 60 na inchi 6. Mtupaji hodari huweza kuutupa mpira kwa mwendo wa zaidi ya maili 90 kwa saa, hata mpigaji hapati nusu sekunde ya kuamua kama aupige au auache. Akikosa kuupiga, au akiuacha mpira halali upite, huhesabiwa kosa moja. Akitimiza makosa matatu hutolewa, na kuwatoa wapigaji kwa njia hiyo ndiyo sifa kuu ya mtupaji. Lakini hatari ipo pia. Mpira ukipigwa barabara hurudi kwa kasi kubwa, naye mtupaji akiisha kutupa mwili wake umeinama mbele, uso wake hauna kinga, na glavu yake huenda iko chini karibu na goti.

Herb Score alizaliwa New York tarehe 7 Juni 1933. Utoto wake haukuwa mwepesi. Alipokuwa na miaka mitatu aligongwa na gari la kuuza mikate likamwumiza miguu vibaya, na baadaye aliugua homa ile inayoshambulia viungo na moyo. Alipona, akakulia katika jimbo la Florida, na huko watu wakaona ya kuwa mkono wake wa kushoto, mkono ambao wazee wengi wa Kenya huwakataza watoto kulia chakula, ulikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1952, alipotimiza miaka 19, timu ya Cleveland katika jimbo la Ohio ilimwandika na kumpa dola 60,000. Timu hiyo wakati ule iliitwa Cleveland Indians. Jina lake lilibadilishwa baadaye, na tangu msimu wa 1915 na kuendelea hata 2021 halikuwa lingine ila hilo, kisha ikaitwa Guardians.

Fedha ile haikumfanya bwana mara moja. Kwanza alipelekwa timu za chini kujifunza, kwani nguvu alikuwa nayo lakini shabaha ilimpotea mara kwa mara. Mwaka 1954, akichezea Indianapolis, alishinda michezo 22 na kushindwa 5 tu, akawatoa wapigaji 330. Mwaka uliofuata aliingia ligi kubwa. Alishinda michezo 16, akawatoa wapigaji 245, hesabu ambayo haikupitwa na mtupaji mgeni mwingine wa ligi kubwa mpaka mwaka 1984. Akapewa tuzo ya mchezaji mgeni bora wa ligi yake. Mwaka 1956 alifanya makubwa zaidi: alishinda michezo 20 na kuwatoa wapigaji 263. Bob Feller, mtupaji mashuhuri wa Cleveland kabla ya vita na baada ya vita, alikuwa akimaliza siku zake katika timu hiyo hiyo, na wengi walisema ya kuwa mrithi wake amekwisha kupatikana.

Katika Machi 1957 timu ya Boston ilitaka kumnunua kwa dola milioni moja. Hank Greenberg, aliyekuwa akiisimamia timu ya Cleveland, alikataa. Kijana hakuwa ametimiza miaka 24.

Usiku wa tarehe 7 Mei 1957 Cleveland walicheza nyumbani na New York Yankees. Mchezo ulikuwa ndio kwanza umeanza. Mpigaji wa pili alikuwa Gil McDougald, mchezaji mwenye adabu na sifa njema. Score alitupa, McDougald akapiga, na mpira ukarudi moja kwa moja ukamwingia Score katika jicho la kulia. Alianguka palepale. Pua ilivunjika pamoja na mifupa ya uso, na damu ikajaa ndani ya jicho. Mpira uliruka ukamfikia mwenzake Al Smith, naye akautupa kama sheria za mchezo zitakavyo, McDougald akatolewa. Lakini akili ya McDougald haikuwa tena katika mchezo. Score alichukuliwa kwa machela kupelekwa hospitali, na McDougald akasema mbele ya waandishi wa magazeti ya kuwa kama kijana yule atapoteza jicho lake, yeye ataacha mchezo huu kabisa.

Jicho halikupotea. Kwa majuma mengi Score alikaa akitibiwa, na kuona kwake kukarudi, ingawa hakucheza tena mwaka ule. Walakini alipoendelea na kazi mambo hayakuwa kama zamani. Kabla ya usiku ule wa Mei alikuwa ameshinda michezo 38 na kushindwa 20. Baada yake, hata alipotoka katika ligi kubwa mwaka 1962, alishinda 17 tu na kushindwa 26. Mwaka 1960 Cleveland walimbadilisha kwa mtupaji wa Chicago, na kisha akarudishwa timu za chini, zile zile alikoanzia ujana wake. Hapo hadithi ikaota mizizi: mpira wa McDougald ulimtia hofu, hofu ikamvunja.

Score mwenyewe alisimulia mambo kwa njia nyingine. Alieleza ya kuwa mwanzoni mwa 1958 alikuwa akitupa vizuri kama zamani. Ndipo, katika usiku wa baridi na unyevu mjini Washington, alipohisi maumivu katika kiwiko cha mkono wake wa kushoto, akaendelea kutupa. Mshipa ulikuwa umechanika. Alipumzika, akarudi, lakini ili asiumie tena alibadili namna ya kutupa, na ile namna yake ya kwanza hakuipata tena. Wako waliocheza naye walioshikilia ya kuwa alibadilika kwa kuogopa mpira. Yeye alisema mkono ndio uliomwangusha, na ya kuwa McDougald hakumkosea lo lote, kwani kazi ya mtupaji ni kutupa na kazi ya mpigaji ni kupiga.

Uzito wa neno hilo wapaswa kufikiriwa. Mtu aliyekuwa akithaminiwa kwa dola milioni moja alikuwa na udhuru mkubwa mkononi mwake, udhuru uliokwisha kukubaliwa na nchi nzima. Hakutakiwa kufanya kitu ila kunyamaza, naye angalihurumiwa maisha yake yote. Lakini huruma ile ingalilipwa na mtu mwingine. Kila mara hadithi iliposimuliwa, McDougald alikuwa akihukumiwa upya kwa kosa ambalo hakulitenda. Score aliuacha udhuru huo, akachagua kusema kile alichokiamini kuwa kweli.

Ajabu ni kwamba McDougald naye alikuwa amejeruhiwa kwa mpira kabla ya hapo. Mwaka 1955, wakati wa mazoezi, mpira uliopigwa na mchezaji wa timu yake mwenyewe ulimpata karibu na sikio. Baada ya muda alianza kupoteza kusikia, hata akawa kiziwi kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1994 waganga walipomtia chombo kidogo cha kumsaidia kusikia tena. Basi mtu aliyeshtakiwa na watu kwa jicho la mwenzake alikuwa akibeba ajali yake mwenyewe. Alifariki mwaka 2010.

Score hakukaa akililia mkono wake. Mwaka 1964 alianza kazi ya kutangaza michezo ya Cleveland katika televisheni, na tangu 1968 akaitangaza katika redio. Kazi hiyo aliifanya miaka 34. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo timu ilikuwa dhaifu, nayo haikufika katika mashindano makuu ya mwisho wa mwaka mpaka 1995. Hata hivyo wakulima na wafanya kazi wa viwanda wa Ohio waliizoea sauti yake jioni za kiangazi, watoto wao wakaizoea pia, na wengi wao hawakuwahi kumwona akitupa hata mpira mmoja. Mchezo wake wa mwisho kuutangaza ulikuwa mwezi wa Oktoba 1997, Cleveland waliposhindwa na timu ya Florida katika mchezo wa saba wa fainali. Alifariki tarehe 11 Novemba 2008, mwenye umri wa miaka 75.

Wahenga walisema, ajali haina kinga. Neno hilo hukumbukwa upesi wakati wa kumfariji aliyepatwa, lakini husahauliwa upesi vile vile mtu anapotafutwa wa kubebeshwa lawama. Mkulima ambaye mahindi yake yameoza ghalani, akimshuku jirani yake, atapata adui mpya na ghala lile lile bovu. Akiliangalia paa, huenda akaliona tundu linaloingiza mvua, naye akaliziba kabla ya mavuno mengine. Herb Score aliutazama mkono wake mwenyewe, akasema ya kuwa hapo ndipo palipochanika. Hakurudishiwa nguvu zake kwa kusema hivyo, lakini alibaki na kazi, na jina jema, na mtu mmoja huko New York ambaye hakufanywa adui.