Mapenzi na Riziki katika Vitabu vya Jane Austen

Wako watu wadhanio kwamba hadithi za mapenzi ni za wavivu, na kwamba mtu mwenye shamba la kulima au daftari la kujaza asipoteze mafuta ya taa yake kwa kuzisoma. Juma hili twaomba ruhusa ya kumtetea mwandishi mmoja wa hadithi hizo, Bibi Jane Austen wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1775 katika kijiji cha Steventon, jimbo la Hampshire, binti wa kasisi, akafa mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 2025 ilitimia miaka 250 tangu azaliwe, na riwaya zake sita zingali zikichapishwa na kupendwa. Yafaa tuulize sababu.

Tukitazame kitabu chake kijulikanacho zaidi, Pride and Prejudice, kilichotolewa mwaka 1813. Maana ya jina hilo ni Kiburi na Dhana Mbaya. Bwana Bennet ana binti watano, wala hana mtoto wa kiume. Mashamba yake yamletea pauni 2,000 kwa mwaka, lakini yamefungwa kwa sharti kwamba lazima yarithiwe na mwanamume. Siku atakapofariki, nyumba na ardhi vitakwenda kwa jamaa wa mbali, Bwana Collins, na mjane na binti zake watakuwa hawana pao. Msomaji mwenye shamba hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Basi Bwana Collins amposa Elizabeth, binti wa pili. Kwa hesabu ya mali, posa hiyo ingewaokoa wote. Elizabeth akataa, kwa kuwa hawezi kumheshimu mtu mpumbavu, mwenye kujipendekeza kwa wakubwa. Mama yake aghadhibika mno. Baada ya siku chache Collins amgeukia Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, mwenye umri wa miaka 27, asiye na mali wala uzuri. Charlotte akubali, kwa kuwa ataka nyumba yake mwenyewe, wala hatumaini kupata posa nyingine. Hapo mwandishi hamsifu Charlotte, wala hamlaani. Atuonyesha tu jinsi alivyochagua chumba cha nyuma kuwa mahali pake pa kukaa, ili mumewe asivutwe kuingia humo mara kwa mara. Neno dogo kama hilo latueleza ndoa nzima.

Kisha aja Bwana Darcy, tajiri wa pauni 10,000 kwa mwaka. Naye akataliwa, kwani katika kuposa kwake hakuacha kutaja unyonge wa jamaa za Elizabeth. Baadaye kila mmoja atambua kosa lake: yeye kiburi chake, na Elizabeth haraka yake ya kuhukumu. Mdogo wake Elizabeth atoroka na askari mlaghai, na Darcy alipa madeni ya mtu huyo ili amwoe, wala hataki kutajwa. Ndipo mapenzi yao yapatapo msingi.

Mwandishi huyu alijua bei ya mambo aliyoyaandika. Mwezi wa Desemba, 1802, akikaribia miaka 27, aliposwa na kijana mrithi wa mashamba makubwa, Harris Bigg-Wither. Jioni alikubali; asubuhi yake akakana. Miaka michache baadaye, mwaka 1805, baba yake akafariki, na yeye, mama yake na dada yake wakawa wa kutegemea msaada wa ndugu zake wanaume, mpaka mmoja wao alipowapa nyumba huko Chawton mwaka 1809. Alipouza haki ya Pride and Prejudice alipata pauni 110, na jina lake halikuchapwa katika kitabu. Hakuolewa kamwe.

Sisi twaona kwamba hii ndiyo sababu ya wasomaji kumpenda hata leo. Waandishi wengi husimulia mapenzi kana kwamba wapendanao hawali wala hawalali chini ya paa. Bibi Austen ahesabu kila pauni, kisha auliza kama moyo nao una haki ya kusema. Elizabeth alipokataa mara mbili, hakujua kwamba mwisho wake ungekuwa mwema. Angeweza kubaki maskini, kama alivyobaki mwandishi wake. Kwa hiyo furaha yake ya mwisho yatugusa, maana tumeiona hatari aliyopita.

Msomaji akifunga kitabu hicho, atamkumbuka Elizabeth kwa furaha. Lakini na amkumbuke Charlotte pia, akiwa peke yake katika chumba chake cha nyuma, na kabla hajapokea posa kwa ajili ya binti yake, na amwulize kwanza binti mwenyewe.