Leseni Imo Ndani ya Mashine: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha

KWA: Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Arusha

YAH: Kupandisha Windows kwa leseni halali katika ofisi na shule za Kata ya Elerai

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zenye mfumo huo bado zinawaka na kufanya kazi, lakini tundu jipya la kiusalama likigunduliwa halizibwi bila masahihisho ya ziada. Hatua inayofuata ni Windows 11, ambayo kwa mwenye Windows 10 yenye leseni haina malipo. Neno zito hapo ni leseni.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya chipu iliyo kwenye madabodi. Stika ya ubavuni haihitajiki tena. Programu ya kusakinisha huusoma ufunguo huo yenyewe, huchagua toleo linalolingana nao, na mashine ikipata intaneti hujiamilisha. Diski ikifutwa, leseni inabaki. Mashine ikihamishiwa ofisi nyingine, leseni inahama nayo. Madabodi ikibadilishwa ndipo hupotea.

Tatizo huanzia kibandani kwa fundi. Anayeomba kupigiwa Windows, iwe Elerai au Kariakoo, mara nyingi huwekewa toleo lililomo kwenye flashi ya fundi, Pro au Enterprise, hata kama mashine iliuzwa na leseni ya Home. Ufunguo wa Home haufungui Pro. Mfumo ukikataa kuamilika, fundi huweka kreki, yaani programu ya kughushi uamilishaji, na mteja huondoka akiamini kwamba mashine yake haikuwahi kuwa na leseni. Kreki ya aina moja iliyozagaa huigiza seva ya leseni za taasisi, ambazo huamilishwa kwa siku 180 na kuhuishwa tena na tena. Ili iingie, antivairasi huzimwa kwanza. Kompyuta kama hiyo haifai kuwekewa rejista ya wanafunzi wala hesabu za mapato. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia, ila hatari iliyo karibu zaidi ni wizi wa taarifa, si mahakama.

Uhakiki wa awali ni wa dakika moja. Amri slmgr /xpr huonyesha kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya mwisho. Tarehe ikionekana kwenye kompyuta ya shule isiyo na mkataba wa leseni za taasisi, yaelekea kuna kreki. Jibu la kudumu nalo si ushahidi kamili, kwani zipo kreki zinazoliigiza; risiti ya manunuzi ndiyo hukata shauri. Kwa kompyuta za msaada kutoka ng'ambo, leseni iliyo kwenye chipu huja na mashine, lakini ile ya mkataba wa taasisi ya zamani hubaki huko huko.

Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. TPM mara nyingi imo ila imezimwa kwenye BIOS, na kompyuta nzima huhukumiwa kuwa chakavu kwa sababu hiyo tu. Bando si kikwazo kikubwa: flashi moja iliyotengenezwa kwa programu ya bure ya Microsoft yatosha kata nzima, kwa kuwa flashi si leseni.

Mashine zisizokidhi zina njia mbili. Moja ni masahihisho ya ziada ya Windows 10, ambayo taasisi za elimu zilipangiwa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Taasisi nyingine zilipangiwa dola 61 mwaka wa kwanza. Njia ya pili ni Linux, isiyohitaji kuamilishwa.

Ofisi ya Mkurugenzi inaombwa kuagiza rejista ya kompyuta inayotaja toleo, aina ya leseni na risiti kwa kila mashine, kabla ya kununua mpya hata moja. Na katika zabuni za NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, maelezo yataje toleo na aina ya leseni. Yakiandikwa "Windows 11" tu, mzabuni huleta apendacho.

Nakala: Afisa TEHAMA wa Jiji, Mtendaji wa Kata ya Elerai